Wakuu, grafu iko juu kabisa lakini kani sifuri, inakuwaje?

Mtahiniwa Binafsi
Habari za jioni wakuu. Narudia kidato cha nne na Fizikia ndo inanitoa jasho. Kuna swali la basi la tani 15, wamechora grafu ya kasi na muda, sekunde 40 za kwanza mstari unapanda toka sifuri mpaka mita 20 kwa sekunde, halafu unalala flati dakika nzima, halafu unashuka hadi sifuri kwa sekunde 10. Wanauliza kani kubwa zaidi iko wapi. Mi nkajibu pale kwenye flati maana ndo gari limechanganya, mwongozo unasema pale kani ni SIFURI. Sifuri vipi wakati injini inanguruma na mafuta yanaungua?? Siku ya tatu leo nalala nayo.

Kidato cha Chai
Kariri F = ma (kani ni masi mara mchapuko) songa mbele, mtihani haukuulizi injini

Mwl wa Zamu
Wewe Chai acha kupoteza watu, akikariri hivo ndo atarudia tena mwakani.

Mdogo wangu umesoma kimo cha mstari ukaacha slopu, yaani mwinamo wake. Kimo kinakwambia kasi tu. Slopu ndo mchapuko, yaani kasi inabadilika kiasi gani kila sekunde, na kani inaenda na mchapuko, haiendi na kasi. Chukua namba zako: mwanzo kasi imeongezeka 20 kwa sekunde 40, slopu 0.5, zidisha kilo 15,000 unapata nyutoni (kipimo cha kani) 7,500. Kwenye flati slopu sifuri, basi. Kwenye breki imepungua 20 kwa sekunde 10, slopu hasi 2, hapo ni nyutoni 30,000 kuelekea nyuma, mara nne ya kule mwanzo. Jibu lilikuwa kwenye breki.

Mtahiniwa Binafsi
Namba nimezipata mwalimu, shikamoo. Ila injini bado inanisumbua.

Suka Mstaafu
Mi fizikia sijasoma ila mabasi nimeendesha sana. Likishachanganya tambarare we tia nyutro uone, linaanza kupungua lenyewe, maana yake kuna kitu muda wote kinalishika, upepo na matairi. Ule moto unaoendelea kukanyaga unalipa hilo deni tu, ukitaka liongezeke inabidi ukanyage kupita hapo.

Mwl wa Zamu
Suka umemaliza. Ile F kwenye F = ma ni kile kinachobaki baada ya kutoa, kani tokeo. Tuseme injini inasukuma 2,500 mbele, upepo na msuguano 2,500 nyuma, baki sifuri, kasi haibadiliki. Hata zile 7,500 za mwanzo ni baki, injini ilitoa zaidi.

Binti wa Maabara
Hilo deni la Suka sisi tulilikamata kwenye toroli, ile ya mashine inayogonga nukta 50 kwa sekunde kwenye utepe unaovutwa na toroli. Unakata utepe kila nafasi tano, kila kipande ni mwendo wa sehemu ya kumi ya sekunde, unabandika vipande vimesimama vimepangana, tayari una grafu ya kasi. Toroli na vijiwe vyote jumla kilo 2, tukavuta kwa nyutoni 1, 2, 3 (kijiwe kinatoka kwenye toroli kwenda kwenye ndoano inayoning'inia na kulivuta kwa uzi, ili jumla isibadilike), mchapuko ukaja 0.4, 0.9, 1.4. Kila nyutoni inaongeza 0.5 sawa kabisa, ila ukichora kani na mchapuko mstari haupiti sifuri!! Nyutoni 0.2 zimeliwa na msuguano. Tukainua ubao upande mmoja kidogo kidogo mpaka toroli ukiligusa linashuka na nukta zinalingana nafasi, kurudia ikaja 0.5, 1.0, 1.5. Nlifurahi kama nimevumbua mimi.

Mtahiniwa Binafsi
Leo nimesimama kwenye daladala makusudi. Likiondoka navutwa nyuma, likiwa kasi ileile nasimama kama niko sebuleni, breki nimemwangukia mama wa watu. Konda kaniuliza nacheka nini.
Sasa mwalimu, ikiwa grafu ni ya umbali na muda, mstari umenyooka unapanda, hapo si kuna slopu, kwa hiyo kani ipo?

Mwl wa Zamu
Haipo! Slopu ya hiyo grafu ni kasi, na kama mstari umenyooka kasi haibadiliki. Kani utaiona pale mstari unapojipinda. Angalia kwanza mhimili wa wima umeandikwa nini.

Mtahiniwa Binafsi
Duh. Basi na swali la 6 nimekosa.