Kumiliki visima ugenini au kununua sokoni: China na India zimefungwa na nini?

Mikindani: Ndugu wanajukwaa, ng'ambo ya Ruvuma, huko Cabo Delgado nchini Msumbiji, kampuni za India zinamiliki jumla ya asilimia 30 ya Eneo la 1 la gesi, na CNPC, kampuni ya mafuta ya serikali ya China, ina hisa katika Eneo la 4. Sisi wa Mtwara tunayaona haya kwa karibu, ndiyo maana nauliza: uchumi unaokua haraka kuliko mafuta yake unajifunga zaidi kisiasa ukimiliki visima ugenini, kama China ilivyofanya baada ya kuanza kutegemea mafuta ya nje mwaka 1993, au ukinunua kwa yeyote anayeuza, kama India inavyofanya kwa sehemu kubwa ya mahitaji yake?

Mchinga: Kumiliki kunafunga zaidi, na ushahidi ni Sudan. CNPC iliingia huko miaka ya 1990, na mwaka 1999 bomba la kilomita 1,600 hivi likaanza kufikisha mafuta Bahari ya Shamu. Tangu hapo Beijing, iliyozoea kusema kwamba haiingilii mambo ya ndani ya nchi nyingine, ikawa inaikingia kifua Khartoum katika suala la vita vya Darfur, magharibi mwa Sudan. Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011 ikiwa na visima vingi, huku bomba likibaki kaskazini, China ililazimika kusuluhisha pande zote mbili, na mwaka 2015 ikapeleka askari wa miguu wapatao 700 chini ya Umoja wa Mataifa.

Shangani: Ndugu Mchinga, mnunuzi naye hana uhuru mkubwa. India iliacha mafuta ya Iran mwaka 2019 kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Baada ya 2022 iligeukia mafuta ya Urusi yenye bei ya punguzo, yakapanda kutoka chini ya asilimia 2 ya manunuzi yake hadi theluthi hivi, na Agosti 2025 Marekani ikaitoza ushuru wa nyongeza wa asilimia 25 kwa ajili hiyo. Hata hivyo mnunuzi hubadili muuzaji ndani ya miezi michache, kisima hakihamishiki.

Newala: Naomba kusahihisha: mwaka 2003 India nayo ilinunua asilimia 25 ya visima vilevile vya Sudan. Kinachozifunga zote mbili ni njia ya bahari. Meli zinazotoka ndani ya Ghuba ya Uajemi hupita mlango-bahari wa Hormuz, na zile za China huendelea hadi mlango-bahari wa Malaka, ndiyo sababu China ilijenga bomba kupitia Myanmar lililoanza kupitisha mafuta ghafi mwaka 2017, mwaka uleule ilipofungua kambi ya kijeshi Djibouti.

Mikindani: Asante, dada Newala. Bado naegemea kwa Shangani, ila hoja ya askari inanisumbua. Mji wa Palma huko Cabo Delgado uliposhambuliwa Machi 2021 na mradi wa Eneo la 1 ukasimama, waliokwenda kuisaidia Msumbiji vitani walikuwa askari wa Rwanda na wa SADC, wakiwemo wetu, si wa India wala wa China. Nadhani ni kwa sababu gesi hiyo ilikuwa bado haijaanza kutoka, na hakuna kiwanda cha Gujarat wala Shanghai kilichokuwa kikiitegemea.