Tupeane uzoefu: jinamizi, kutoka nje ya mwili na maono ya dawa, ni roho au ubongo?

Mleta mada: Wakuu, visa vya "nilijiona juu ya dari" tumevisoma vya kutosha. Leo waje wanaojua: mambo haya hutokeaje, na yana maana ya kiroho?

Zamu_ya_Usiku: Nianze na jinamizi, ndilo linalowapata wengi. Katika usingizi wa ndoto ubongo hulegeza karibu misuli yote ili usirushe mateke. Macho na kiwambo cha kupumulia hubaki vikifanya kazi. Fahamu zikirudi kabla misuli haijafunguliwa, ndoto huendelea macho yakiwa wazi. Misuli ya mbavu imelegea, hivyo ukitaka pumzi ndefu haiji, na hapo ndipo "mtu" hukukalia kifuani. Kulala chali, kukesha na kubadilisha zamu hulichochea. Usipambane nalo. Pumua kawaida, tikisa kidole kimoja cha mguu, ukizinduka kaa kitako kidogo. Ukijilaza chali papo hapo linarudi. Likija pamoja na usingizi wa ghafla mchana, au magoti kulegea unapocheka, muone daktari wa mishipa ya fahamu. Visa vingi vya Popobawa, zimwi lililosemekana kuvamia watu usingizini, Pemba mwaka 1995, vina sura hiyohiyo.

Waya_Mwekundu: Geneva, 2002. Timu ya mtafiti wa ubongo Olaf Blanke ilikuwa ikimchunguza mgonjwa wa kifafa kwa vijiwaya vilivyowekwa juu ya ubongo. Umeme mdogo upande wa kulia, akahisi anazama kitandani. Ulipofika miliampia 3.5 akajiona kutoka juu, ila miguu na kiuno tu. Roho iliyopaa inaonaje nusu mwili? Mwaka 2007 mtafiti mwingine, Henrik Ehrsson, hakuhitaji hata umeme: kamera mbili nyuma ya mtu, picha zake kwenye miwani aliyovaa, kijiti kimoja kinamgusa kifuani na kingine kinasogezwa chini ya kamera wakati uleule, na mtu anahisi amekaa nyuma ya mwili wake mwenyewe. Vijiti visipokwenda kwa wakati mmoja, hisia hiyo inapungua.

Mama_Ibada: Mkuu, ukichokoza sehemu ya ubongo inayoona, mtu ataona mwanga, jua halijafutika kwa hilo. Kipimo cha haki ni rafu za daktari Sam Parnia, anayechunguza wanaozinduka baada ya moyo kusimama: ziliwekwa juu kwenye vyumba vya wagonjwa, zikiwa na picha zilizoelekezwa darini, aliyepaa kweli azitaje. Ripoti ya 2014 ilihusu visa 2,060 vya moyo kusimama, hospitali 15. Wawili walieleza walichoona na kusikia, na wote mioyo ilisimamia mahali pasipo na rafu. Kwa hiyo kesi haijafungwa.

Mzizi: Kwenye dawa, tazameni utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, 2006: watu 36, silosibini (dawa ya maono iliyomo kwenye uyoga fulani) miligramu 30 kwa kilo 70 za uzito. Theluthi mbili hivi waliiweka siku hiyo kati ya mambo matano yenye maana zaidi maishani mwao. Lakini wote walikuwa tayari na mazoea ya ibada au tafakuri, wakaandaliwa kwa mazungumzo ya saa nyingi, wakalazwa na kitambaa machoni, muziki, na mwangalizi pembeni. Bado karibu theluthi walishikwa na hofu kali. Kwa maoni yangu maana inatoka kwenye maandalizi zaidi ya kidonge. Wabwiti, wafuasi wa dini ya jadi ya Gabon inayotumia mzizi wa maono uitwao iboga, nao hawamwachi mwali wao peke yake. Na iboga huvuruga mapigo ya moyo, watu wamekufa. Anayekuuzia mzizi huo bila kipimo cha moyo, mkimbie.