Wenye mbwa wa Tanga, acheni kutuimbia "sheria mpya, sheria mpya". Fungeni mageti yenu!

Wakuu, leo mnivumilie, maana nikinyamaza nitapasuka.

Huku Sahare mtoto wa dada yangu kaumwa na mbwa akitoka chuo cha Kurani, jioni, jua bado lipo. Hakurusha jiwe, hakuruka ukuta wa mtu. Kashika juzuu yake kwapani na kobazi zake miguuni, mbwa akachomoka kwenye geti lililoachwa wazi, akamdaka kigimbi. Na geti lenyewe limeandikwa MBWA MKALI kwa rangi nyekundu, herufi kubwa. Yaani mwenyewe anajua kabisa kwamba mbwa wake ni mkali. Muda wa kununua rangi na brashi kaupata, wa kusukuma komeo hakuupata.

Lakini kilichonileta hapa ni mkutano wa mtaa uliofuata. Mmoja alisimama akasema Bunge litunge sheria ya mbwa. Mwingine akataka mbwa wa kizungu wapigwe marufuku. Wa tatu akataka leseni, wa nne akataka jiji lilete bunduki. Na mwenye mbwa, mnajua alisema nini? Alisimama kwa upole kuliko wote, kofia mkononi, akasema: "Ndugu zangu, tatizo ni sheria zetu ni dhaifu." Watu wakampigia makofi! Mwenyekiti akaandika kwenye daftari "sheria mpya inahitajika", kikao kikafungwa kwa dua, tukaenda zetu nyumbani. Usiku huohuo mbwa wanazurura barabarani kama kawaida.

Sheria ipi jamani? Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 233 kipo miaka mingi. Kinamgusa mtu yeyote ambaye kwa uzembe hachukui tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokea kwa mnyama aliye naye. Hakichagui mbwa wa kizungu wala koko, hakiulizi leseni. Ipo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Ipo ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ile ambayo inamtaka mfugaji amtunze mnyama wake, siyo amwache ale majalalani halafu usiku amwite mlinzi. Mkitunga ya nne itakaa kabatini pamoja na wenzake.

Ukweli ambao hakuna aliyeusema pale mkutanoni ni kwamba tunaogopana. Huyo mwenye mbwa ndiye mwenye turubai na viti, ukifiwa unakwenda kwake. Nani ataandikisha maelezo polisi leo, kesho akagonge mlango uleule kuomba viti vya matanga? Ndiyo maana tunaitupia serikali. Serikali haikai mtaa wetu, haitatununia.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonichoma zaidi. Mbwa akimuuma mtu, na mbwa mwenyewe anaonekana mzima, kinachotakiwa ni kumfunga na kumwangalia siku 10. Akibaki mzima baada ya hizo siku 10, daktari anajua kwamba mate yake hayakuwa na kichaa cha mbwa siku ile alipouma, na sindano za kuukinga ugonjwa huo alizoanza kuchomwa mtoto zinaweza kusimamishwa. Akianza kubadilika, inajulikana mapema. Ni jambo la mnyororo na bakuli la maji tu. Nikaenda kwa bwana yule, shikamoo yangu mbele, nikamwambia: "Mzee, tunaomba mbwa afungwe tumwangalie, na kadi ya chanjo tuione." Akanijibu: "Kijana, mbwa nimeshampeleka shamba Muheza, asije akaleta maneno tena."

Asije akaleta maneno! Mbwa ambaye hatujui kama ana chanjo kahamishiwa kwa watoto wa watu wengine huko Muheza, na sisi tumebaki gizani. Kwa hiyo mtoto lazima amalize dozi yote: sindano ya siku ileile, ya siku ya 3, ya 7, ya 14, na kuna mpango mwingine unaofika hadi ya 28. Kila siku ya sindano mama yake anafunga meza yake ya mihogo na kachori, bodaboda kwenda, bodaboda kurudi. Anayelipa ni dada yangu. Mwenye mbwa halali njaa wala hapotezi hata asubuhi moja.

Kwa wanaodhani nakuza mambo: kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza, mtu haponi, isipokuwa wachache mno wa kuhesabika duniani. Na hakitokei kesho yake. Mara nyingi huchukua miezi miwili mitatu, kinaweza kuchukua wiki moja, kinaweza kukaa hata mwaka. Ndiyo maana ile kauli ya "mbona mtoto anacheza vizuri" inanipandisha pressure. Mtoto akishaumwa, hata kabla ya kutafuta usafiri, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, ndipo mwende hospitali. Kwetu alitokea bibi na kitunguu saumu na chumvi. Nilimheshimu, ila kitunguu nilikirudisha jikoni.

Halafu kuna huu ujanja wa mbwa kuwa na mwenyewe nusu nusu. Mwizi akikamatwa usiku, asubuhi utasikia "mbwa wangu huyo, hana mchezo". Mtu akiumwa, mbwa yuleyule anakuwa "wa mtaa, anakujaga tu kula makombo". Sasa hiyo leseni mnayoililia ataikatia mbwa gani, wa usiku au wa asubuhi? Mtu anayemkana mbwa wake mbele ya mtoto anayevuja damu atamkana pia mbele ya karani wa leseni.

Waulizeni wanaokwenda msikitini alfajiri. Toka Sahare mpaka Chumbageni unapita umeshika fimbo kama mchunga ng'ombe, na kanzu umeikunja mpaka magotini. Mate ya mbwa yakikugusa ni kuosha mara saba, na mojawapo kwa udongo, na swala ya jamaa imeshakupita. Wale wa baiskeli wanaowahi samaki Deep Sea ndio kabisa, maana mbwa anapenda kukimbiza gurudumu. Na kabla hamjaniletea udini: dini imeruhusu mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa mifugo. Fuga hata watano, sina neno. Neno langu ni geti.

Wa bunduki nao niwajibu haraka. Kuua mbwa hakujawahi kumaliza kichaa. Ukiwaondoa hawa, wanakuja wengine ambao hawajachanjwa, na pengine umewaua waliochanjwa. Kinachofanya kazi ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, mwaka kwa mwaka. Tusiende mbali, Pemba hapo ng'ambo walichanja mbwa kuanzia 2010 ugonjwa ukatoweka. Mwaka 2016 ukarudi, na uliingia kwa mbwa waliosafirishwa na watu. Wakachanja tena mpaka wakaufuta. Mbwa kusafirishwa na mtu, mmesikia? Haya, mfikirieni yule aliyekwenda Muheza.

Na chanjo inahitaji mwenye mbwa atoke kitandani amshike mbwa wake ampeleke. Bwana mifugo hawezi kukimbizana na mbwa asiyejua kamba. Nimeshaona siku ya chanjo: watoto wadogo ndio wanaovuta mbwa kwa kamba za katani, baba zao wako barazani na kahawa na bao. Hao hao jioni wanasema serikali imelala.

Mtasema namchukia mnyama. Simchukii. Mbwa kafanya kazi aliyofundishwa: kaona mguu unapita, kauma. Mwenye akili ya kujua kwamba saa kumi na mbili watoto wanatoka chuo ni binadamu, naye ndiye aliyeacha geti wazi.

Bwana wa turubai, najua vijana wako wanapita humu na watakusomea. Sitaki sheria kutoka Dodoma. Nataka mbwa arudi kutoka Muheza afungwe tumuone, kadi ya chanjo uilete kama ipo, na komeo lipigwe kwenye geti. Risiti za sindano na nauli za bodaboda nimeziacha kwa mwenyekiti wa mtaa. Ukishindwa kuzilipa wiki hii, mimi sina msiba wa kuogopea viti. Nakwenda kituoni na kifungu cha 233 nimekiandika kwenye karatasi, na wale mliopiga makofi mkutanoni nawasubiri mje kuwa mashahidi. Nani anakuja?