Bosi anataka namba ya mfanyakazi kwenye dodoso la usawa kazini. Nifanyeje?

Kipepeo wa Mbagala
Wakuu, heshima kwenu. Niko kitengo cha rasilimali watu, kiwanda kimoja hapa Dar, tupo kama 180. Makao makuu yaliyoko nje yameleta dodoso la "usawa na ujumuishi", maswali 54, yote kwa Kiingereza. Nimetafsiri, nikampa mama mmoja wa upakiaji alipitie. Akaniuliza: "Ujumuishi ndio nini mwanangu, mambo ya jumuiya?"

Lugha nitairekebisha, niseme tu "kila mtu ashirikishwe bila kubaguliwa". Kinachonitesa ni kwamba kabla sijaajiriwa zilipita karatasi za maoni "bila jina", meneja akatambua mwandiko wa kijana wa stoo, akamwita ofisini. Tangu hapo ukitaja maoni watu wanakuangalia tu. Na sasa bosi anataka niweke namba ya mfanyakazi juu ya fomu "ili tufuatilie". Nishaurini, matusi wekeni akiba.

Mzee wa Zamu
Afuatilie nini, majibu au watu? 😀

Sheria Mkononi
Dada, muulize bosi swali moja: mpango wetu wa fursa sawa uko wapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamtaka mwajiri ausajili kwa Kamishna wa Kazi. Halafu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010: ukiwa na wafanyakazi 20 na kuendelea, asilimia 3 wawe wenye ulemavu. Kwenu ni watano hivi, mnao? Hiyo namba ya mfanyakazi nayo, ukiiambatanisha na maswali ya afya au dini, umeshaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mtajie hiyo. Mabosi wanaogopa sheria kuliko aibu.

Mama Pacha
Mdogo wangu, nimelifanya hili kwenye shamba la maua, nikakosea kwanza. Niliondoa majina nikajiona mjanja, kumbe nimeuliza idara, jinsia, umri na miaka ya kazi. Karakana ilikuwa na mwanamke mmoja tu! Alirudisha fomu tupu, na alikuwa na haki. Uliza jinsia na zamu, basi. Kundi lisilofika watu kumi liunganishe na jingine. Majibu yawe ya kutiki, mwandiko usiwepo.

Kabila futa kabisa. Sensa ya 2022 yenyewe haikuuliza kabila wala dini, wewe nani?

Na usiulize "Je, kuna usawa hapa?" Wote watatiki ndiyo, waende kula. Uliza yaliyowatokea: nafasi ikitoka, unaisikia kabla haijajazwa au baada? Uliporudi toka uzazi, ulipewa muda wa kunyonyesha? (Sheria inaruhusu mpaka saa mbili kwa siku.) Sisi siku 84 za likizo tulikuwa tunatoa vizuri, tukajipongeza. Dodoso likatuonyesha kuwa mama akirudi anahamishiwa sehemu isiyo na posho ya uzalishaji. Hakuna aliyewahi kutamka.

Maswali 54 ni mtihani wa taifa. Yatoshe 12.

Fundi Grisi
Kiwanda nilichotoka tulijaza miaka mitatu. Choo cha wanawake kimoja, tunaandika, kinabaki kimoja. Mwaka wa nne nikatiki "naridhika sana" mstari mzima nikarudi kwenye mashine. Kipepeo, kabla hujagawa fomu, hakikisha una fungu la kurekebisha japo kitu kimoja ndani ya mwezi.

Kipepeo wa Mbagala
Nimerudi. Namba imeondoka, sheria ya taarifa imefanya kazi! Sanduku la fomu litafunguliwa na mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi mbele ya watu. Fundi, fungu la choo nimeahidiwa, ila kwa mdomo.

Nimekwama kwa vibarua. Bosi anasema ni wa wakala, si wetu. Na ndio wanaobeba mizigo siku nzima.

Fundi Grisi
Ya mdomo iandikie baruapepe leo leo.

Mama Pacha
Bosi usigombane naye. Hao vibarua wanakula wapi?

Kipepeo wa Mbagala
Kwa mama lishe nje ya geti. Hata mimi nakula huko.

Mama Pacha
Basi sanduku la pili liende huko, na fomu yake iwe na kisanduku cha kutiki "kibarua".