Familia ya Guka: Safari ya Jumamosi 🚂

*Alhamisi*

[18:41] Anti Wanza: Hamjambo familia. Jumamosi ni zaidi ya saa tano kwa treni mpaka Mombasa na mtandao wa njiani unakuja na kwenda. Kila mtu aniambie simu yake ina nafasi kiasi gani nimpangie gemu za bure. Leo, si kesho usiku.

[18:58] Anti Wanza: Tuko 14. Waliosoma 11. Tiki za buluu naziona.

[19:20] Brayo: Anti mimi niko sawa na eFootball

[19:21] Anti Wanza: Hauko sawa. Hiyo bila intaneti haikupi mechi. Free Fire vile vile. Utatazama duara likizunguka mpaka Voi.

[19:22] Brayo: 😭

[19:25] Anti Wanza: Weka Shattered Pixel Dungeon. Ni nyepesi, haina matangazo, haitaki mtandao. Unashuka shimoni ghorofa kwa ghorofa, ukifa unaanza mwanzo kabisa. Chupa usizozijua zionje mapema, ukiwa na afya tele na hakuna adui karibu. Ukingoja ufike kwa lile jitu la ghorofa ya tano ndiyo ubahatishe, chupa inaweza kukuwashia moto wewe mwenyewe.

[19:31] Ankol Oti: Na mtu anayetaka kulala tu, ana gemu?

[19:31] Brayo: Iko. Kukoroma Pro. Haina matangazo lakini ina sauti 😂😂

[19:32] Kevo: 😂😂😂

[19:32] Mama Brayo: Brayo heshima

[19:34] Anti Wanza: Oti wewe ni Lichess, ya chesi. Bure kabisa, haina matangazo. Bila mtandao unacheza na kompyuta, ngazi ni 1 mpaka 8. Anzia 3. Usijifanye.

[19:35] Ankol Oti: Nitaanzia 8

[19:35] Anti Wanza: Haya.

[19:50] Mama Ciku: Samahani nilikuwa kwa matatu. Mimi niacheni na Candy Crush yangu

[19:53] Anti Wanza: Hesabu basi. Una maisha 5, ukimaliza moja linarudi baada ya dakika 30. Yote matano ni saa mbili na nusu. Ukikwama leveli ngumu, yanaisha hata Emali hatujafika, halafu itaanza kukubembeleza ununue. Ongeza 2048 au Solitaire, hizo hazihesabu maisha.

[19:54] Anti Wanza: Na Ciku ana miaka mitano, awekewe GCompris, gemu za watoto za kujifunza. Hakuna matangazo, hakuna kitu cha kununua ndani. Lakini ifungueni nyumbani kwenye waifai, sauti na picha zingine hushuka baadaye. Sitaki mambo ya Pasaka.

[19:55] Mama Ciku: Mambo gani ya Pasaka

[19:55] Mama Ciku: Sema tu wazi

[19:57] Ankol Oti: Shilingi 2,300 za Shosho zilizoenda kwa gemu 👀

[19:58] Mama Ciku: Mtoto alibonyeza sanduku linalong'aa. Hajui kusoma. Hii itaimbwa mpaka aolewe?

[19:58] Brayo: Na zile almasi hata hazikutumika 💎

[19:59] Mama Brayo: BRAYO

[20:02] Anti Wanza: Sijalaumu mtu. Nasema tufunge mlango. Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia Malipo na usajili, toa njia ya malipo iliyo hapo. Kisha kwenye Mipangilio, pale pa kuthibitisha ununuzi, chagua iulize nenosiri kila mara. Ukichagua kila dakika 30, mtoto ana nusu saa nzima ya kununua baada yako. Hapo ndipo watu huumia.

[20:03] Kevo: Na kabla ya kuweka gemu angalia maneno chini ya jina lake. Ikiandikwa ina ununuzi wa ndani ya programu, bure yake ni ya mlangoni tu

[20:09] *Mama Ciku amefuta ujumbe huu*

[20:16] Guka: MTOTO HAKUIBA. WANZA NI WEWE ULIMPA SIMU YA MAMA YAKO HAINA KUFULI UKAENDA SOKONI. HAYO YAISHE.

[20:17] Guka: NA DRAFTI YANGU NI IPI. ILE YA BRAYO KINGI ANATEMBEA HATUA MOJA KAMA MGONJWA

[20:41] Anti Wanza: Sawa Baba.

[20:44] Anti Wanza: Ile ni sheria za Kiingereza, kingi huenda nyumba moja moja. Brayo mtafutie Checkers ya Dalmax, ina orodha ya sheria. Akiweka za Urusi, kingi anaruka mbali. Ila pale hata kete ya kawaida inakula kurudi nyuma, mwambieni mapema asije akasema simu inaiba. Asichague ya kimataifa, ubao unakuwa 10 kwa 10 na kete 20 kila upande, kwa simu yake zitakuwa punje za mtama.

[20:46] Guka: KURUDI NYUMA HAPANA

[20:47] Brayo: Guka nitakuja kesho tuangalie pamoja

[20:48] Ankol Oti: Ukija beba na pawabanki yangu ya Desemba

[20:48] Brayo: Mtandao unasumbua ankol sikuoni vizuri

*Ijumaa*

[07:12] Anti Wanza: Leo jioni kila mtu ajaribu. Pakua kwa waifai, fungua kila gemu mara moja, nyingi hushusha mafaili mengine mkishadhani zimekwisha. Kisha weka simu hali ya ndegeni, izime, iwashe, ufungue tena. Ikigoma hapo, itagoma Tsavo. Na bila data matangazo mengi hayatokei.

[07:13] Anti Wanza: Ludo King tutacheza wote kwa kifaa kimoja, tunapitishiana. Nataka tableti ya Mama Ciku kwa sababu kioo ni kikubwa. Mama Ciku unakuja nayo?

[09:40] Anti Wanza: Mama Ciku?

[12:25] Mama Brayo: Nimeona sasa hivi. Yangu imebaki na MB 300, nifute nini

[12:31] Anti Wanza: Video za WhatsApp. Anza na za maombi za kila asubuhi.

[12:32] Mama Brayo: Hizo siwezi

[17:03] Mama Ciku: Tutaona.

[17:04] Ankol Oti: Ngazi ya 8 imenimaliza kwa hatua 19