Kamera ya getini inapotea kila giza likiingia. Ninunue ripita au tatizo ni jingine?

MamaNeema_Goba

Wakuu, habari za jioni, na shikamooni mlionizidi umri. Naomba msaada wa mtu aliyewahi kufunga hizi kamera kwa mikono yake.

Nakaa Goba, nyumba ya kawaida ya tofali za saruji. Nina kamera tatu za waifai: sebuleni, uani na getini. Mbili za kwanza hazina shida. Ya getini mchana inaonyesha japo picha inasitasita, lakini ikishafika saa moja jioni inaanza kupotea, inarudi dakika mbili, inapotea tena. Mimi ni muuguzi. Wiki za zamu ya usiku watoto wanabaki na bibi yao, na geti ndilo ninalotaka kuliona kuliko sehemu nyingine yoyote.

Ruta iko sebuleni, ndani ya kabati la TV. Kutoka hapo hadi getini ni kama mita 25. Katikati kuna ukuta wa sebule, ukuta wa jikoni, kisha nje tangi la maji la lita 5,000. Umeme wa kamera unatoka soketi ya jikoni, aliyefunga aliunganisha waya mwembamba mrefu hadi getini. Nikisimama getini simu yangu inaonyesha mistari miwili ya waifai.

Dukani wameniambia ninunue ripita, kile kifaa kinachopokea waifai ya ruta na kuirusha tena mbele, nichomeke stoo ya nje, hatua chache kutoka getini. Jirani anasema niongeze kifurushi cha intaneti. Hela ninayo ya jambo moja, kwa hiyo nataka kwanza kujua ugonjwa ni upi.

FundiNyaya_Tabata

Dada, kifurushi kiache. Kamera yenye picha ya 1080p, ubora wa kawaida wa HD, inatumia megabiti 2 hadi 4 hivi kwa sekunde, na kama hizo nyingine mbili zinakwenda vizuri intaneti yako inatosha.

Mistari ya simu usiitegemee. Antena ya simu si antena ya kamera, na simu umeishika mkononi wakati kamera imebanwa kwenye nguzo ya zege yenye nondo. Fungua programu ya kamera, nenda kwenye taarifa za kifaa, nyingi zina sehemu ya nguvu ya mawimbi. Ikikupa namba ya dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi, itakuwa na alama ya kutoa mbele, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwa video mimi nataka -67 au bora zaidi ya hapo. Ikifika -75 picha inaanza kukwama. Kwenye -80 kamera inaning'inia tu.

Sasa hilo tangi. Kamera nyingi za bei ya kawaida zinatumia mawimbi ya waifai ya GHz 2.4 peke yake, na maji yanameza mawimbi hayo vibaya sana. Ruta yako inajaribu kupenya kuta mbili kisha lita 5,000 za maji. Ukichomeka ripita stoo, nyuma ya tangi, ni sawa na kumpa kipaza sauti mtu ambaye mwenyewe hasikii anachoambiwa: itarudia kwa nguvu kitu kilichofika nusu. Tena ripita ya bei rahisi inapokea na kurusha kwa chaneli ileile, kwa hiyo kasi inashuka karibu nusu.

Leo, bila kutoa senti, toa ruta kabatini. Iweke juu, mbali na TV, upande wa dirisha linalotazama geti. Kwenye mipangilio chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza. Halafu utuletee namba.

Bi_Shangani

Dada yangu, mimi niko Mji Mkongwe, Unguja. Nyumba yetu kuta zake ni za mawe na chokaa, nene karibu nusu mita. Humo waifai haivuki chumba hadi chumba, sembuse kufika mlango wa barabarani. Nilichofanya ni kuvuta waya wa intaneti hadi karibu na mlango, mwisho wa waya nikaweka kifaa kingine cha kurushia waifai. Waya haujali ukuta wala maji. Kama stoo yako iko hapo karibu na geti, ushapata pa kukiweka.

Mkazi_wa_Usa

Mbona hakuna aliyeuliza kwa nini ni saa moja jioni? Giza likiingia kamera inawasha taa zake za kuonea gizani, na zile zinavuta umeme zaidi. Kwa waya mwembamba kutoka jikoni hadi getini, volti zinaanguka, kamera inazima na kujiwasha upya. Kwenye simu utaona kama waifai imekatika. Kabla ya kununua chochote, mtu apime volti pale nyuma ya kamera usiku.

MamaNeema_Goba

Nimerudi, na asanteni sana, maana mmeniokoa na ile ripita.

Ruta ikiwa kabatini namba ilikuwa -82. Kuitoa na kuiweka dirishani kuliileta hadi -76, ila bado ilisitasita. Fundi wa umeme wa mtaani kwetu alikuja na mita yake. Kamera inataka volti 12. Mchana zilikuwa zinafika 11.3, taa zikiwaka zinashuka hadi 10.3. Kaka wa Usa, ulisema kweli kabisa.

Adapta tumeihamishia soketi ya stoo, waya uliobaki hadi kwenye kamera ni mfupi. Waya wa intaneti umepita juu ya dari, ukazunguka tangi ndani ya bomba la plastiki hadi stoo, na kifaa cha kurushia kimefungwa ukutani nje kikitazama geti. Namba sasa ni -54. Jana nilikuwa zamu, saa nane usiku nikafungua simu, geti lote linaonekana hadi lile komeo la chini.

Nina swali moja limebaki: umeme ukikatika?

FundiNyaya_Tabata

Safi sana dada. Kwa hilo tafuta betri ndogo ya akiba ya ruta, ila soma kwanza nyuma ya ruta kama inatumia volti 9 au 12, zisichanganywe. Utahitaji mbili: moja sebuleni, nyingine stoo kwa kamera na kile kifaa. Na weka kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera, ili hata intaneti ikipotea irekodi yenyewe.

Huo waya ulioingia ni shaba tupu au alumini iliyopakwa shaba? Na haukupita bomba moja na umeme mkubwa?

MamaNeema_Goba

Shaba tupu, nilisimamia mwenyewe dukani. Bomba lake peke yake.

FundiNyaya_Tabata

Basi hapo umemaliza. Masika yakija kagua tu ule mdomo wa bomba unaotoka nje, uzibwe na silikoni, maji yasiingie.