Naomba ushauri: tabaka la juu la kueh salat linaachana na wali
Ndugu zangu, habari za wakati huu. Ninaishi Singapore, ambako ninajifunza kupika kueh salat, kitamutamu cha Waperanakani (jamii ya huku yenye asili ya Wachina waliochanganyika na Wamalay) chenye wali wa kunata chini, uliopikwa kwa tui na kutiwa mabaka ya buluu ya maua ya bunga telang, na juu yake tabaka la kijani la mayai, tui, sukari na maji ya majani ya pandani. Wali unaniridhisha kabisa. Tatizo ni hilo tabaka la juu, ambalo hufanya mawimbi na, ninapokata vipande, huteleza na kuachana na wali, ingawa ninaushindilia vizuri na kufunga kitambaa kwenye kifuniko ili matone ya mvuke yasidondoke. Je, mchanganyiko umiminwe ungali vuguvugu, baada ya kukorogwa motoni hadi uanze kuwa mzito, au ukiwa baridi? Na moto uwe mdogo tangu mwanzo?